Yameisha

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi: ukungu mwepesi, jua limechelewa kutoka.

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako hayapatani, na kwa sababu juzi Jumamosi niliondoka kikaoni kwa Mjomba bila kukuaga vizuri. Nilikuona mlangoni na mtungo wako wa funguo, ukitaka kusema kitu, nami nikapita. Haikuwa hasira. Nilijua nikisimama nitalia, na sikutaka kulia mbele ya Mjomba. Angelichukua kila chozi akalifanya hoja ya upande wake.

Nashukuru kwamba wewe ulinyamaza. Wengine wote pale sebuleni walikuwa na ushauri, hata yule jirani aliyekuja kuazima ngazi. Mjomba alipoangalia saa yake kubwa na kusema, "Haya bibie, mumeo ameomba radhi mbele ya wazee, wewe unasemaje?", nilijibu neno moja tu: "Yameisha." Nikachukua mkoba. Nilitegemea mtu atanikimbilia anirudishe. Hakuna aliyekuja. Nilipofika getini nikasikia vicheko na vikombe vikigongana, nikafikiri wanafunika aibu.

Plasta imetolewa mkononi na leo nimerudi karakana. Kazi ya mihuri haifanyiki kwa mkono mmoja: huu unashika mpira, ule unakata herufi. Nimeanza na muhuri mdogo wa zahanati, nikakosea herufi moja, nikarudia. Mjukuu wako Chiriku alikuja baada ya shule, akakaa kwenye kiti cha wateja akasoma mihuri kinyumenyume kwa sauti mpaka bosi akaomba amani.

Amri ya mahakama bado ipo. Mwanao haruhusiwi kufika nyumbani wala karakana mpaka tarehe 31, hakimu atakapoamua iendelee au iondolewe. Nakukumbusha ili usije ukamtuma alete kitu kwangu kwa kusahau.

Mkweo,
Fundi Mihuri

Asubuhi ya pili, kabla ya kwenda posta: nililala saa nane.


Bwenini, Jumatatu, 10 Machi

Marahaba mwanangu, marahaba sana.

Barua yako imefika, hali ya hewa juu kama redio, saa ya kulala chini kama taarifa ya wodi. Nilijua shuleni walikufundisha kuandika shajara, sikujua kwamba na mimi nimeshaingizwa humo. Kama wasichana wangu wa bweni wangekuwa na mpangilio wa namna hiyo, nisingekuwa naokota soksi kwenye ngazi tangu alfajiri. Mmoja jana ameniambia, "Matroni, soksi hii si yangu, yangu ina tundu kulia." Na kweli ilikuwa na tundu kushoto.

Sasa nikupe habari njema. Nilibaki kwa Mjomba siku kadhaa baada ya kikao, na Alhamisi tukaenda naye mahakamani huko kwenu. Tukamwambia karani wa masjala: mke mwenyewe ametamka mbele ya wazee kwamba yameisha. Akaandika, Mjomba akasaini, na mimi nikasaini. Nilitaka nikupunguzie safari na maneno. Umetuheshimisha, mwanangu. Ulipotamka neno lile moja, bila kulalamika, bila kudai kitu, nilimwambia shangazi mtu, "Huyu nimempata mkwe." Tukaanza kucheka kwa furaha. Nilitaka kukufuata getini nikukumbatie, lakini goti langu unalijua.

Kijana wangu naye alilia. Amenunua rangi ya kupaka chumba chenu, ile ya kijani uliyokuwa unaitaka. Anasema atakapoingia hatanyanyua sauti tena.

Ule ufunguo wa akiba mlionipa siku mlipohamia bado ninao. Tarehe 31, amri ikishaondolewa, nitakuja na kumkabidhi mimi mwenyewe, aingie kwake kama mwenye nyumba, asibishe hodi kama mdai. Ugomvi upo nyumba zote, mwanangu. Ulio kwenu umepata bahati ya kwisha mapema.

Mbusu Chiriku.

Mama yako,
Bi Funguo (kama mnavyoniita mkidhani sisikii)


MAHAKAMA
MASJALA
13 Machi

Kwa Mwombaji,

YAH: AMRI YA ULINZI

Mahakama imepokea taarifa ya familia kwamba mgogoro umesuluhishwa, na kwamba mwombaji ametamka "yameisha".

Unaarifiwa kwamba, kwa mujibu wa sheria, taarifa ya ndugu peke yake haiondoi amri. Hakimu atamsikiliza mwombaji mwenyewe, bila mume wala ndugu wa upande wowote kuwamo chumbani, tarehe 31 Machi, saa tatu asubuhi. Mwombaji asipofika, shauri litahesabiwa kuwa limekwisha, na amri itaondolewa siku hiyohiyo.

Karani wa Masjala


Jumamosi, 15 Machi
Asubuhi: jua kali mapema, vumbi.

Shikamoo Mama,

Barua yako na ya mahakama zimenifikia siku moja. Nilisoma ya mahakama kwanza nikadhani wamenichanganya na mtu mwingine. Halafu nikasoma yako.

Mama, ni kweli nilisema yameisha, na kila aliyekuwa pale alisikia. Lakini sikusema tumepatana. Nilimaanisha mimi na mwanao. Nilimaanisha ndoa. Nilitafuta neno lisilo na matusi, la mtu aliyelelewa, ambalo naweza kulisema mbele yako bila kukuvunjia heshima, na hilo ndilo nililolipata. Ninyi mkalipokea kwa vikombe vya chai.

Sikulaumu. Nimekaa nalo neno hilo tangu jana, nikaligeuza kama ninavyogeuza herufi za muhuri, na naona linasomeka pande zote mbili. Anayesamehe hulisema. Anayeondoka hulisema. Nilikwenda kwa yule afande wa dawati la wanawake aliyeniandikia maelezo ya kwanza, nikamweleza. Hakucheka. Aliniambia, "Dada, ndiyo maana sheria inataka usikilizwe peke yako. Sebuleni kwa wakwe hata 'hapana' inasikika kama 'ndiyo'."

Halafu kuna jambo la kuchekesha, kama una nafasi ya kucheka. Ule muhuri wa mahakama wa SHAURI LIMEKWISHA niliutengeneza mimi mwaka juzi. Nilihangaika sana na nafasi kati ya maneno mawili. Sikuwaza hata kidogo nani atakuwa anaulizwa kabla haujagongwa.

Naomba mambo mawili. La kwanza, usimpe ufunguo. La pili, mweleze kuhusu rangi: asifungue kopo, huenda dukani wakalipokea.

Mkweo,
Fundi Mihuri

Jumapili asubuhi: nililala saa tisa na robo.


Bwenini, Jumatano, 19 Machi

Fundi,

Nimesoma. Nimesoma tena na miwani.

Kwa hiyo ulitutega. Watu wazima tumekaa, tumekunja mikono, tunasubiri neno, wewe unatupa neno lenye sura mbili halafu unaondoka na mkoba. Neno hilo nalijua kabla hujazaliwa. Mtu akisema yameisha mbele ya wakwe zake, yameisha, watu wanashukuru, wanakunywa chai. Kama ulitaka kusema jingine, ulishindwa nini? Shule umesoma. Herufi ndiyo kazi yako.

Mimi nimeweka saini mahakamani. Mimi, ambaye sisaini hata daftari la shuka bila kuhesabu shuka moja moja. Sasa karani ataniona mwongo. Mjomba naye anasema sheria hizi mpya zimeletwa kuvunja nyumba za watu.

Na ugomvi gani huo usiokwisha? Mkono umepona, umeandika mwenyewe. Kijana amelia, amenunua rangi. Unataka afanye nini, atembee kwa magoti? Mwanamke hakimbii nyumba kwa sababu ya siku moja mbaya. Tungekimbia wote, nani angebaki humo ndani?

Ufunguo ni wangu, nilipewa mimi. Nitakachofanya nao nitaamua mwenyewe.

Na usiniandikie tena umelala saa ngapi. Mimi si nesi wako.

Mama wa mumeo


Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi: mvua, imekatika nilipofika karakana.

Shikamoo Mama,

Sitakuandikia saa ya kulala.

Umeuliza ugomvi gani. Kikaoni hakuna aliyeuliza, wote walisema "yaliyotokea", nami nikaona aibu kueleza mbele ya jirani wa ngazi. Nakueleza wewe, mara moja, na sitarudia.

Nilikuwa nakunja nguo chumbani. Aliuliza shati lake la bluu liko wapi. Nikamwambia liko kwenye kamba. Akasema analitaka sasa. Nikainuka kwenda kulichukua, mkono wangu ukiwa kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango. Nilipopiga kelele alinitazama, akausukuma tena. Halafu akaenda mwenyewe kwenye kamba, akachukua shati, akalivaa, akatoka. Jirani yetu wa nyumbani ndiye aliyenipeleka hospitali. Chiriku alikuwa shuleni, nashukuru.

Hiyo haikuwa siku moja mbaya. Ilikuwa siku ambayo mfupa ulivunjika, basi watu wakaiona. Nyingine zilikuwa za mikono mirefu na kitambaa shingoni, nawe uliwahi kuniuliza kwa nini navaa kitambaa wakati wa joto. Nilikujibu nina mafua.

Tangu hapo neno "ugomvi" linanisumbua. Ugomvi unataka watu wawili. Mimi nilisema "liko kwenye kamba".

Sheria haikuja kuvunja nyumba yangu, Mama. Ilikuta mlango umeshafungwa juu ya mkono. Ilichofanya ni kumwambia mwanao akae upande mwingine wa mlango huo, na tangu siku hiyo Chiriku ameanza tena kuimba bafuni.

Simtakii mabaya mwanao. Amlee Chiriku kwa utaratibu atakaoweka hakimu, na wewe ni bibi yake, hilo hakuna amri inayoligusa. Lakini tarehe 31 nitakwenda. Seremala atanifungia kitasa kipya Jumanne. Sifanyi hivyo kukudharau. Nisingependa ufunguo uliokabidhiwa kwa mapenzi ufungue kitu kibaya, halafu wewe ubaki na uzito wake.

Mkweo,
Fundi Mihuri


Bwenini, Ijumaa, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba ya barua zako zote, hata ile ambayo sikuiitikia.

Barua yako ya mwisho ilifika Jumanne wakati wasichana wako kwenye mtihani na bweni liko kimya. Nilizitoa zote nikazipanga mezani. Sikutafuta kitu, ni mazoea tu, mimi hupanga. Nikajikuta nasoma mistari ya chini. Saa nane. Saa tisa na robo. Hii ya mwisho haina, kwa sababu nilikukataza. Nikajiuliza mtu mpangilifu kama wewe anafanya nini macho mpaka saa hizo, na mume hayumo ndani. Halafu nikajijibu. Bado unasikiliza kama mlango utafunguka.

Mimi nilianza kulala mapema mwaka aliokufa baba wa mumeo. Watu walikuja kunipa pole, wakanikuta nimesinzia kitini mchana, wakasema huzuni imemlemea. Haikuwa huzuni. Nilikuwa nalala usingizi wa miaka yote. Sijawahi kumwambia mtu.

Na sasa nikwambie kuhusu neno lako. Kijana wangu alikuwa bado ananyonya. Jino langu hili la pembeni, ambalo wasichana hapa wanasema linanipa tabasamu la kijanja, lilikuwa limevunjika wiki hiyo. Wakaniita sebuleni kwa baba mkwe, wakaniuliza nasemaje. Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa kwenye kanga nyuma ya mlango. Nikasema, "Yameisha." Mwanangu, walishangilia. Mama mkwe alinikumbatia. Mtu akaleta chai. Nilisimama pale na kikombe mkononi, nikasubiri mmoja aniulize nini kimeisha. Hakuna. Chai ilipoisha nilikwenda nyuma ya mlango, nikafungua kanga, nikapanga nguo kabatini. Walinisikia vibaya, na mimi nikaanza kujisikiliza kwa masikio yao.

Kisha nikafika kwa Mjomba, nimekuwa mimi ndiye mama mkwe, nikasikia neno hilohilo kinywani mwako, nikacheka kwa furaha! Ningeweza kuwa mtu pekee duniani wa kulielewa, nami nikawa wa kwanza kunyanyua kikombe.

Basi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, Jumatano nikasafiri. Nilimkuta kijana wangu uani kwa Mjomba anakoroga ile rangi. Nikamuuliza, "Shati la bluu lilikuwa wapi?"

Akasema, "Kumbe amekuambia hadi hilo."

"Nimekuuliza lilikuwa wapi."

"Mama, alinijibu vibaya."

"Alikujibuje?"

Akakung'uta kijiti cha rangi ukingoni mwa kopo. Nikamwambia, "Alikujibu liko kwenye kamba. Na lilikuwa kwenye kamba. Sasa vibaya ni ipi hapo, kamba au shati?" Hakunitazama. Aliendelea kukoroga, na namna aliyoinamisha shingo ilikuwa ya baba yake kabisa. Ni mwanangu, nilimzaa, nitampikia mpaka mikono ikatae. Lakini ufunguo sitampa. Nilimwambia hivyohivyo, na nikamwambia kuna watu hospitali ya wilaya wanaokaa na wanaume wenye mikono ya namna hiyo na kuzungumza nao, aende, na asipokwenda asinitumie salamu za sikukuu. Sijui kama atakwenda.

Mjomba akasema, "Bi Funguo, leo umempoteza mwanao." Nikamwambia, "Sijampoteza. Najua alipo. Yuko kwako. Mpe blanketi, usiku kuna baridi."

Alhamisi nikaenda masjala. Nilimwomba karani afute saini yangu. Akasema saini haifutwi, lakini naweza kuandika maelezo mengine yakawekwa juu ya yale. Nikaandika: "Mimi niliripoti neno la mkwe wangu bila kumuuliza maana yake. Aulizwe mwenyewe." Nikasaini. Safari hii niliyasoma kwanza.

Ufunguo wenu nimeufunga kwenye karatasi ndani ya bahasha hii, na bahasha nampa mwalimu wa michezo anayekuja huko kesho, posta siiamini na chuma. Najua umeshabadilisha kitasa na haufungui kitu. Nimeutoa kwenye mtungo tu ili usiwepo.

Jumatatu vaa nguo za kazini. Ukivaa za sherehe utashindwa kukaa sawasawa.

Na niandikie ulilala saa ngapi.

Mama yako,
Bi Funguo


Jumatatu, 31 Machi
Asubuhi: mawingu mazito, hayakunyesha.

Shikamoo Mama,

Nimevaa nguo za kazini, zile zenye doa la wino mfukoni.

Mjomba alikuwa kwenye korido tangu mapema, na saa yake. Mwanao alikaa benchi la mbali. Alinisalimu kwa kichwa, nami nikaitikia. Afande wa dawati alikaa karibu yangu akisoma gazeti la wiki iliyopita. Mlango ulipofunguliwa Mjomba alisimama tuingie pamoja, na karani akamwambia, kwa adabu sana, "Mzee, sheria inamtaka mwenyewe." Akasema yeye ni mkuu wa familia. Karani akasema, "Ndiyo mzee, tafadhali kaa," akafunga mlango.

Ndani hakimu ni mama wa makamo, ana miwani yenye mnyororo. Alikuwa na karatasi mbili mbele yake, ile ya mwanzo ya familia na juu yake maelezo yako. Niliutambua mwandiko wako, ile "m" yenye kilima kimoja zaidi. Akaniambia, "Hapa imeandikwa kwamba ulisema yameisha. Na hapa imeandikwa uulizwe maana yake. Basi nakuuliza."

Nilikuwa nimejiandaa, Mama. Kwenye shajara nilikuwa nimeandika maelezo ya ukurasa mzima, nikayahariri, nikayakariri njiani. Yote yakapotea. Feni ilikuwa inazunguka juu, mtu nje anakohoa, hakimu hana haraka. Nikatafuta neno ambalo halina upande wa pili.

Nikasema, "Sirudi."

Hakimu akamtazama karani, akasema, "Andika hivyohivyo." Akaniuliza kuhusu mkono, kuhusu Chiriku, kuhusu nyumba. Nikajibu. Amri inaendelea kwa mwaka mzima. Chiriku atamwona baba yake kila Jumamosi, mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii, na kesi ya mkono itasikilizwa peke yake mwezi ujao. Nilipotoka mwanao alikuwa bado benchini, ameshika kofia. Mjomba aliniuliza, "Haya, imekuwaje?" Nikamwambia karani atamsomea. Sikutaka maneno yangu yapite tena kwake kwanza.

Nikarudi karakana moja kwa moja. Bosi akanipa kazi nyepesi, kugundisha vishikio.

Ufunguo wa zamani mwalimu wa michezo aliniletea juzi. Chiriku ameomba awe nao, anafungulia nyumba ya mwanasesere. Na ndani ya bahasha hii nimeweka mwingine. Ni wa kitasa kipya. Seremala alitoa funguo mbili, mmoja ninao mimi, sikujua nani wa kumpa wa pili mpaka nilipoisoma barua yako. Ni wako wewe, Mama, wa kuingilia wakati wowote, na usibishe hodi. Kitanda cha Chiriku kinatosha watu wawili mkilala kiupande.

Mkweo, na kama hakimu akisema tumeachana nitabaki kuwa mkweo,
Fundi Mihuri

Jumanne asubuhi, kabla ya posta: Chiriku alinizimia taa. Nililala saa tatu.